Weupe Mdomoni mwa Doto

Tabora ni mji uliojengwa na meno. Msinibishie. Misafara ile ya zamani haikutembea miezi mitatu kutoka pwani, watu wakianguka njiani kama senene, kwa ajili ya kubadilisha hewa. Ilifuata meno ya tembo. Ikayapima, ikayabeba mabegani, na mpaka leo zipo familia hapa mjini zinazoweza kukutajia babu wa babu yao aliuza jino la frasila ngapi na kwa nani. Lakini meno ya mtoto wa nyumbani, yaliyo palepale mdomoni, ambayo hayahitaji bunduki wala mpagazi ili kuyaona, hayo mtu hayaangalii mpaka mtoto agome kula.

Isipokuwa Gaudensia.

Gaudensia alikuwa nesi wa kliniki ya watoto katika zahanati moja ya Ipuli. Mzaliwa wa Choma, huko Igunga, kwenye ukoo wa wafugaji ambako ng'ombe akikohoa wazee huitana, na mtoto akikohoa huambiwa akakohoe nje. Alikuwa na miaka thelathini na sita, mabega mapana, na viatu vya wazi vya plastiki vilivyosikika korido nzima kabla yeye hajaonekana.

Kazi yake kwa mujibu wa serikali ilikuwa kupima uzito, kupima urefu, kuchoma chanjo, kutoa matone ya vitamini na dawa ya minyoo, halafu kujaza. Kujaza ndiyo kazi yenyewe. Mtoto ni kiambatisho. Kazi yake kwa mujibu wake mwenyewe ilikuwa na kipande kimoja zaidi. Mtoto akishashuka kwenye mzani, Gaudensia alimkalisha mama kwenye kiti, naye akavuta kiti chake mbele yake mpaka magoti yao yakagusana. Mtoto akalazwa chali juu ya magoti hayo manne, miguu kwa mama, kichwa kwa nesi. Kisha akawasha tochi ya simu na kuinua mdomo wa juu kwa kidole kimoja, kama mtu anayefunua sufuria ya jirani. Akaangalia ufizi, akaangalia meno ya mbele, akafunika. Muda wote huo ulikuwa Salamu Maria moja, ya haraka, bila amina.

Watu wakamwita Nesi Tochi.

Na wanawake wa kwenye benchi, ambao saa tatu za kusubiri huwageuza wapelelezi, waligundua jambo. Nesi huyu aliyefunua midomo ya watoto wa Ipuli nzima, wa kwake hakuufunua. Akiongea, midomo ilisogea kidogo tu, kama ya mtu anayenong'ona kanisani. Akicheka, kiganja kiliwahi.

"Anaringa," alisema mmoja.

"Ana jino la dhahabu huyo," alisema mwingine. "Anaogopa vibaka."

Aliyekuwa hataki kabisa habari za tochi ni mganga mfawidhi, Wilbroad, mkuu wa zahanati ile, mtu mwenye kalamu tano mfukoni na wino kwenye moja. Wilbroad aliipenda fomu jinsi wengine wanavyoipenda timu.

"Gaudensia," alimwambia siku moja mbele ya benchi zima, "hii hapa fomu. Uzito, upo. Urefu, upo. Chanjo, vitamini, minyoo, vyote vipo. Sasa nionyeshe meno yako wapi?"

"Yapo mdomoni, dokta."

Benchi likacheka. Wilbroad hakucheka, na kuanzia siku ile akaanza kumtafutia kosa kwa utulivu, kama mtu anayetafuta sindano huku akijua ameikalia.

Kosa likaja lenyewe, siku ya Jumanne, limevaa baibui.

Bi Mwanajuma, mfanyabiashara wa asali, alikuwa mwanamke wa kuingia mlangoni kwa awamu: kwanza harufu ya udi, kisha sauti, ndipo yeye. Ukoo wake uliingia Tabora na msafara kutoka Ujiji, na alilisimulia jambo hilo kana kwamba alikuwepo akibeba birika. Nyuma yake alifuata Asmahani, mke wa mwanawe, binti mpole anayetembea kama anayeomba radhi kwa sakafu. Na mgongoni kwa Bi Mwanajuma, siyo kwa mama yake, alikuwamo Doto, msichana wa mwaka mmoja na nusu, aliyekuja kuchomwa sindano ya pili ya surua.

Jina linajieleza: Doto ni pacha wa pili. Wa kwanza, Kulwa, aliondoka akiwa na miezi saba, kwa kuhara kwa siku nne. Na pale msibani, kama kawaida ya misiba, alitokea mtu mwenye elimu baada ya tukio. Alimnong'oneza Bi Mwanajuma kwamba yale yalikuwa meno ya plastiki. Mngeyatoa mapema mtoto angekuwepo. Tangu siku hiyo Bi Mwanajuma alimbeba Doto mwenyewe. Usiku alilala naye yeye.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, Nesi. Haya, tuchome tuondoke, nina madumu yanasubiri."

Uzito mzuri. Urefu mzuri. Kwenye kadi mstari wa Doto ulipanda kama bendera. Magoti yakagusana, mtoto akalazwa, tochi ikawaka, mdomo ukainuliwa.

Gaudensia akaona. Kwenye meno manne ya mbele ya juu, pale jino linapokutana na ufizi, ulipita mstari mweupe usio na mng'aro, kama chokaa iliyopakwa kwa unyoya wa kuku. Ndivyo kuoza kunavyoanza. Hakuanzi na weusi wala tundu. Kunaanza na chaki, na ukikuwahi hapo jino hupona. Moyo ukamruka kwa furaha ya mwindaji. Salamu Maria ilikuwa haijafika katikati, na neno likamtoka:

"Bibi, kuna weupe hapa kwenye ufizi."

Benchi zima likainua shingo. 

Alijua kosa lake kabla hajafunga mdomo. Katika mji huu mtu hasemi "weupe" na "ufizi" kwa pumzi moja. Weupe kwenye ufizi ni hukumu: ndiyo dalili ya meno ya plastiki, yale meno laini ya uongo ambayo watu wanaamini huota chini ya ufizi, yakaleta homa na kuhara, na yasipochimbwa haraka yakaondoka na mtoto. Na wachimbaji wapo. Katika benchi lile hakuna aliyelijua hilo kuliko Gaudensia.

"Siyo weupe ule, Bibi," akawahi. "Ni meno haya haya ya kawaida, yanaanza kuoza. Usiku analala na nini?"

"Analala na mimi."

"Mdomoni, Bibi."

"Kifundo." Sauti ya Bi Mwanajuma ilikuwa imeshuka. "Kitambaa safi, nakifunga fundo, nachovya kwenye asali, ananyonya mpaka alfajiri. Hajawahi kulia usiku."

"Basi hiyo asali ndiyo—"

"Ishia hapo hapo." Bi Mwanajuma akasimama. "Asali? Asali ya Tabora? Kitu Mwenyezi Mungu mwenyewe amesema ni dawa? Umeona weupe, binti, sema umeona weupe. Usinitafutie mchawi kwenye madumu yangu." Akamnyakua mtoto magotini, akamtupa mgongoni, akafunga kanga. Lakini fundo la kanga, Gaudensia aliona, lilimshinda mara mbili.

Wakatoka. Sindano ya surua ikabaki kwenye trei. Asmahani aligeuka mlangoni, akamtazama Gaudensia kama mtu aliyeshikwa na maji kiunoni, akaondoka na kadi.

Wilbroad alitoka ofisini akiwa ameshika kichwa.

"Mtoto ametoroka na chanjo yake! Kwenye ripoti naandikaje?"

"Andika ametoroka."

"Alhamisi nina wakaguzi hapa, Gaudensia. Alhamisi hiyo ukipita geti kabla ya saa tisa na nusu, barua yako nimeshaichapa. Imebaki tarehe."

Alhamisi ikafika na wakaguzi wake wawili. Waliketi ofisini kwa Wilbroad wakikagua soda na karanga, halafu rejista. Nje benchi lilikuwa limejaa. Saa nne na dakika kumi simu ya Gaudensia ikabipu. Namba ya Asmahani; ya nesi iliandikwa nyuma ya kila kadi. Ikabipu tena. Ikabipu tena.

Akapiga.

"Dada," ilikuwa sauti ya mtu aliyejifungia chooni. "Fundi amefika. Kutoka Ulyankulu. Mama amemwandalia maji ya moto. Baba Doto yuko porini anarina asali, simu haipatikani tangu juzi. Dada, wanamfunga kanga mikono—"

Ikakatika.

Gaudensia akaweka kalamu chini. Wilbroad alikuwa ameshafika mlangoni, soda mkononi.

"Unakwenda wapi?"

"Kuirudisha ile chanjo iliyotoroka."

"Wakaguzi wako humu ndani. Tarehe naiandika sasa hivi!"

"Iandike, dokta. Tumia ile kalamu yenye wino."

Kutoka zahanati mpaka kwa Bi Mwanajuma siyo mbali, lakini mchanga wa Tabora hauna huruma kwa mtu mwenye haraka. Unakuvuta kisigino kama mdai. Gaudensia alikimbia na viatu vyake vya plastiki, kimoja kikabaki njiani, akakiacha. Alihesabu kwa kipimo chake. Salamu Maria ya kwanza: watakuwa wanamkalisha mtoto. Ya nne: watakuwa wanambana kichwa. Fundi akiwa msafi huchemsha spoku ya baiskeli. Akiwa siyo, huipangusia surualini. Ya saba. Kuchimba kwenyewe hakuchukui hata Salamu Maria moja. Ya kumi. Kidonda kinakaa siku tatu kabla ya kusema kama kimekusudia kupona au la. Ya kumi na mbili, na akaliona geti.

"Hodi!" alisema akiwa tayari ndani.

Uani, katikati ya madumu ya asali, palitandikwa mkeka. Wanawake watatu wa mtaa walikuwa wamekaa kwa kazi maalumu: mmoja miguu, mmoja mikono, mmoja kichwa. Doto alikuwa katikati, amefungwa kanga kama mkate wa kumimina uliokataa kutoka kwenye chombo, macho makubwa, hajaanza kulia bado. Kwenye jiko la mkaa kikombe cha bati kilichemka, na ndani yake ilisimama spoku iliyonolewa ncha.

Fundi mwenyewe, Ngollo, alikuwa mzee nadhifu. Alivaa koti jeupe la mtumba, limepigwa pasi, na mfukoni lilikuwa limedariziwa jogoo na maandishi ya nchi ya mbali. Lilitoka kwenye machinjio ya kuku. Hapa Ipuli lilikuwa koti la daktari.

"Karibu, Nesi," alisema Ngollo bila hofu. "Umekuja kujifunza?"

"Bibi, nakuomba," Gaudensia alisema, pumzi zikimkata. "Mfungue mtoto."

Bi Mwanajuma hakunyanyuka. Macho yake yalikuwa mekundu. Alionekana hajalala tangu Jumanne. "Wewe ndiye uliyesema. Mbele ya watu. Sikukutuma."

"Nilisema vibaya. Ule weupe wa kwenye meno ni kuoza, na kunatibika. Haya anayotaka kuchimba huyu—"

"Haya hapa!" Ngollo akainua mdomo wa Doto kwa ustadi ambao, Gaudensia alikiri moyoni, haukupungua wake. Pembeni mwa meno manne, kulia na kushoto, ufizi ulikuwa umetuna, mweupe kwa juu. "Plastiki mbili. Mtu mzima mwenye macho aje aseme siyo."

Wanawake wakainama, wakaona, wakaguna.

"Ni chonge," Gaudensia alisema. "Jino la chonge linataka kutoka. Watoto wote wa umri huu—"

"Kulwa pia mlisema watoto wote," Bi Mwanajuma akamkata, na sauti yake sasa haikuwa kubwa hata kidogo. "Mlisema watoto wote huhara. Mpe maji ya chumvi na sukari, subiri. Nikasubiri. Nilisubiri siku nne, Nesi. Huyu sisubiri. Baba, fanya."

Ngollo akaitoa spoku kwenye kikombe kwa koleo. Ilitoa mvuke. Asmahani, aliyesimama mlangoni, akaziba uso.

Gaudensia alikuwa na maneno mengine. Alikuwa na semina mbili, bango moja la ukutani na kijitabu chenye picha. Akaona vyote havifai hata kuwashia jiko lile. Basi akafanya kitu ambacho hakuwahi kukifanya kwa mtu yeyote, wala kwa mchumba aliyemwacha. Akapiga magoti mkekani mbele ya Bi Mwanajuma, akageuka, akajilaza chali, jitu zima la nesi na kiatu kimoja, na kichwa chake akakiweka mapajani mwa yule mama. Akawasha tochi ya simu, akamshikisha.

"Inua mdomo wangu, Bibi."

"Wewe una wazimu?"

"Inua. Angalia. Kisha mwambie afanye."

Spoku ikasimama hewani. Bi Mwanajuma, kwa mkono wenye pete na hina, akauinua mdomo wa juu wa Gaudensia.

Meno manne ya mbele yalikuwapo. Baada yake, kila upande, palikuwa na pengo, ufizi umebonyea na kovu kama kitovu. Upande wa kushoto chonge la ukubwani lilikuwa limejaribu, masikini, likakosa njia, likatokea ndani kaakaani, limelala upande kama mhindi ulioota juu ya paa. Upande wa kulia hapakutokea kitu. Meno ya jirani yalikuwa yameinamia pengo, kila moja kwa upande wake.

Bi Mwanajuma akaangalia muda mrefu. Zaidi ya Salamu Maria. Akaingiza kidole, akaligusa kovu.

"Nani?" aliuliza.

"Fundi. Choma." Ni vigumu kuongea na kidole cha mtu mdomoni, lakini aliongea. "Nilikuwa na miezi kumi. Bibi yangu ndiye aliyenishika kichwa. Alinipenda, Bibi, usidhani hakunipenda. Miaka miwili baadaye wakamfanyia mdogo wangu, Dionis. Spoku ileile. Siku ya tatu akapata homa, taya likavimba. Siku ya sita tukamzika."

Kikombe kiliendelea kuchemka bila kazi.

"Huyo," Ngollo akakohoa, "alifanyiwa na fundi mbaya."

Bi Mwanajuma akauachia mdomo. Alimtazama Ngollo, akamtazama Doto. Kuamini kulikuwa hakujafika bado. Kilichokuwa kimefika ni woga wa pili, sawasawa na ule wa kwanza, na sasa mama yule alikuwa amesimama katikati ya miwili hana pa kukanyaga.

"Nikikusikiliza wewe, akifa?"

Hapo ndipo Gaudensia alipocheza kamari ambayo hakuna semina inayoiruhusu. "Nipe siku kumi na mbili. Mpaka Jumanne ya pili kutoka leo. Hilo jino litachungulia. Lisipochungulia, mlete huyu mzee, na mtoto nitamshika kwa mikono yangu mwenyewe. Lakini kifundo cha asali hakirudi mdomoni. Hata usiku mmoja."

"Na wewe usikanyage hapa," akasema Bi Mwanajuma. "Ukija kuchungulia chungulia utaliroga. Jumanne."

Aliporudi zahanati, barua ilikuwa juu ya meza yake, ina tarehe. Ilimtaka aeleze kwa maandishi kwa nini asichukuliwe hatua za kinidhamu na kuhamishwa, kabla ya kikao cha nidhamu baada ya wiki mbili. Aliikunja, akaiweka chini ya mzani, ambao kwa miaka miwili ulikuwa ukiyumba. Ukaacha kuyumba.

Siku zikaanza kuhesabika. Walikubaliana na Asmahani: saa kumi jioni, kubipu mara moja maana yake bado, mara mbili limetoka. Ijumaa, mara moja. Jumamosi, mara moja. Jumapili Gaudensia aliacha ibada ya jioni katikati ya matoleo kwenda kusikiliza simu nje, mara moja. Ngollo hakurudi Ulyankulu. Alibaki palepale kwa Bi Mwanajuma akila wali wa watu, koti limetundikwa msumarini, mtu asiye na haraka, kama fisi anayejua njia ya ng'ombe mgonjwa.

Usiku wa kwanza bila kifundo Doto alilia mpaka mtaa wa pili wakauliza kuna nini. Wa pili vilevile. Wa tatu kidogo. Siku ya tisa, mara moja. Siku ya kumi, mara moja. Gaudensia alikuwa akilisukuma pengo lake kwa ulimi bila kujua, mpaka likamuuma.

Siku ya kumi na moja, Jumatatu, saa kumi ikapita. Saa kumi na moja. Simu ilikaa kimya kama jiwe. Kisha ukaja ujumbe: *mwili una joto. mama hasemi na mtu.* Akapiga, ikawa imezimwa.

Jumanne saa mbili asubuhi, udi ukaingia zahanati. Lakini safari hii haukufuatwa na sauti. Bi Mwanajuma aliingia kimya, Doto kifuani, mashavu ya mtoto mekundu, mate yanachuruzika. Nyuma yake Asmahani. Nyuma ya Asmahani, Ngollo, koti limepigwa pasi, kikombe cha bati mkononi. Benchi zima likasogea, siyo kuwapisha, bali kuona vizuri. Wilbroad akatoka ofisini.

"Tumekuja," Bi Mwanajuma alisema. "Ulisema utamshika."

"Nilisema."

Gaudensia akavuta kiti. Magoti yakagusana. Akamlaza Doto, akawasha tochi. Akainua. Kushoto, uvimbe. Kulia, uvimbe. Mweupe, umekaza, umefunga. Hakuna kitu.

"Hakuna," akasema Ngollo juu ya bega lake, kwa upole.

"Subiri." Gaudensia akapitisha kidole kwenye uvimbe wa kushoto, taratibu, kutoka mbele kwenda nyuma. Laini. Laini. Halafu kitu kikamkwaruza, kidogo kama punje ya mtama iliyovunjika. Akarudia ili asijidanganye. Kikamkwaruza tena.

"Bibi. Leta kidole chako."

Bi Mwanajuma akaingiza kidole. Na Doto, ambaye kwa siku kumi na mbili alikuwa amenyimwa asali, amefungwa kanga, amechunguliwa na kila mwenye tochi, akaona sasa inatosha. Akauma.

"Yallah!" Bi Mwanajuma akaruka, kiti kikaanguka. Akakitazama kidole: pembeni ya alama ya meno manne palikuwa na kitone kimoja cha damu. "Limenikata! Jamani limenikata! Plastiki haikati!" Akawaonyesha wanawake wa benchi kidole hicho, mmoja mmoja, kama mtu anayeonyesha pete ya posa, huku machozi yakimtoka. Asmahani akakaa sakafuni, akacheka na kulia kwa pamoja.

Ngollo akakitazama kikombe chake. "Chai bado ipo kule nyumbani?" aliuliza. Benchi zima lilikuwa likitazama kidole, akaondoka.

Kipimo cha malaria kilionyesha hana. Ilikuwa joto dogo la kawaida, na ile sindano iliyotoroka ikachomwa, Doto akapiga kelele zinazostahili. Kisha Bi Mwanajuma akainua kiti chake, akakaa tena, magoti mbele.

"Na ule weupe mwingine?" aliuliza. "Ule ulioanza nao?"

"Bado upo. Ndio huo wa asali." Gaudensia hakuupamba. "Umewahiwa, Bibi. Atakwenda kwa daktari wa meno hospitali, atapakwa dawa ya kukaza jino. Na nyumbani mswaki, dawa ya meno kiasi cha punje ya mchele, asubuhi na kabla ya kulala. Kifundo, hapana."

"Asali ya mchana?"

"Na chakula, kidogo."

"Hilo tutalizungumza," alisema Bi Mwanajuma, kwa sauti ya mtu ambaye ukoo wake haujawahi kushindwa mapatano. Kisha akamgeukia Wilbroad. "Wewe mwanangu, mbona umesimama kama mlingoti? Mwandikie mtoto karatasi ya kwenda kwa daktari wa meno. Na humo kwenye daftari lako andika alichoonekana nacho."

"Mama, daftari halina sehemu ya meno. Kuna uzito, kuna—"

"Pembeni hakuna nafasi?"

Wilbroad akatazama benchi. Benchi likamtazama. Akachomoa kalamu ya kwanza, haikuandika. Ya pili, haikuandika. Ya tatu. Alipoipata yenye wino akainamia rejista na kuandika pembeni, nje ya mistari yote, kwa herufi ndogo za mtu anayeiba: *Doto, miezi 18. Weupe, meno manne ya juu.*

Barua ilikuwa bado chini ya mzani, na kikao cha nidhamu bado kilikuwa Ijumaa. Gaudensia alijua hilo. Lakini mwanamke aliyefuata alikuwa ameshavuta kiti, ameshamlaza mwanawe, na magoti yake yalikuwa mbele, yakisubiri.

"Nani anashika tochi?" aliuliza Gaudensia, na safari hii aliuliza kwa mdomo wote, pengo na kovu na chonge lililopotea njia, mbele ya watu.

Bi Mwanajuma akaichukua simu, akamkabidhi Wilbroad.